Babu hataki mashine: Tiba shufaa ya figo katika vijiji vya Uluguru

Mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Ndiyo ratiba ya mashine ya kusafisha damu, na haiulizi mgonjwa katokea wapi. Anayeishi Msamvu, mjini Morogoro, atapanda daladala, asubuhi yake itapotea, mchana atarudi kujilaza. Wa Tegetero au wa vijiji vya juu ya Mgeta huanza safari usiku. Kwanza ateremke kwa miguu hadi pikipiki inapofika, kisha apande pikipiki hadi gari linapofika. Masika yakikolea, kipande kimoja kati ya hivyo viwili hukatika. Miguu ikiwa imevimba hawezi kuikanyagia, vijana hufunga machela ya miti na kupokezana mabega. Jioni anarudishwa hajiwezi kwa uchovu, na keshokutwa anatakiwa tena.

Zamani mgonjwa wa namna hii alielekezwa Muhimbili, basi. Siku hizi mashine zimesogezwa hadi hospitali za kanda na za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kwa mzee wa miaka 78 mwenye kisukari cha muda mrefu na moyo uliochoka, mashine iliyo bondeni bado ina mlima mbele yake. Tufanye gharama ya awamu moja ni Sh200,000, kwa ajili ya hesabu tu. Kwa mwezi ni Sh2.4 milioni au zaidi kidogo, kabla ya nauli, dawa na chakula cha anayemsindikiza. Mkulima wa njegere na karoti wa Nyandira hahitaji kalamu kujua jibu.

Kupandikiza figo nako kumeanza nchini. Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Lakini mzee mwenye maradhi matatu kwa pamoja ni nadra kufikiriwa kwa upasuaji huo, na ndugu wa kumtolea figo naye huenda ana shinikizo la damu.

Ndipo linapokuja neno linalotikisa familia nyingi: babu hataki mashine.

Watoto walioko Dar es Salaam hulisikia kwa simu na kukasirika. Wapo wanaodhani mzee amekata tamaa, wapo wanaodhani aliye naye nyumbani amechoka kumuuguza na anamsemea. Kinachofuata mara nyingi ni wazo la kuuza shamba, na hapo Uluguru ina jambo lake. Ardhi ya Waluguru kwa desturi hupita upande wa mama. Shamba analolima babu ni la ukoo wake, na watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Mtoto anayesema “tuuze shamba la baba” anaweza kuambiwa na wajomba wa baba yake, kwa upole kabisa, kwamba anauza kisicho chake. Mambo yamebadilika, hati zinatolewa, watu wananunua na kuuza, lakini kikao bado kipo. Nimeona makala nyingi za afya zikizungumzia “familia” kana kwamba ni baba, mama na watoto wawili waliokaa kwenye kochi. Mlimani, familia inayoamua ugonjwa inaweza kujaza uwanja.

Je, babu anakosea kukataa? Swali hili lina ushahidi, na ushahidi wenyewe hauko upande mmoja.

Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wazee 3,702 wa Marekani waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za kutunzia wazee na wakaanzishiwa mashine. Baada ya miezi 12, asilimia 58 walikuwa wamefariki. Waliobaki na uwezo ule ule waliokuwa nao kabla ya kuanza, yaani kuoga, kuvaa, kula na kutembea wenyewe, walikuwa asilimia 13 tu. Miaka miwili kabla, watafiti wa London walikuwa wamelinganisha wagonjwa wa zaidi ya miaka 75 waliokwenda kwenye mashine na wale waliotunzwa kwa dawa bila mashine. Kwa jumla wa mashine waliishi muda mrefu zaidi. Lakini kwa wale wenye maradhi mengine mengi, hasa ya moyo, tofauti ile ilififia hadi ikawa haionekani vizuri.

Kumbuka hao ni wazee ambao gari la hospitali huwafuata mlangoni.

Namba hizi zisigeuzwe kuwa ruhusa ya kuwafungia wazee mlango. Mzee wa miaka 70 mwenye akili timamu, moyo mzuri na bima anaweza kuishi miaka mizuri na mashine. Tena yuko mgonjwa wa aina nyingine kabisa, yule ambaye figo zake zimegoma ghafla kwa sababu ya kuharisha sana, malaria kali, mkojo kuziba kwa tezi dume, au dawa. Huyo figo zake zinaweza kuamka. Kuziba kukifunguliwa, maji yakirudishwa, au akisafishwa damu kwa siku chache, anarudi shambani. Kumlaza nyumbani huyo ukisema “uzee” ni kosa kubwa. Kabla ya mtu yeyote kutamka tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso pale ugonjwa usipoponyeka, daktari anatakiwa awe ameuliza na kupima: figo hizi zimechoka miaka, au zimegoma juzi?

Zikishajulikana kuwa zimechoka miaka, na mzee akisema hapana, kinachobaki ni kazi. Hili ndilo ambalo wengi hawalijui. Wanadhani kwamba ukishakataa mashine umekataa hospitali, na kwamba faili lako limefungwa. Kwenye nchi zilizotangulia kuna utaratibu kamili wa kumtunza mgonjwa wa figo bila mashine: presha inashushwa, maji ya mwilini yanapunguzwa kwa vidonge vya kukojoza, upungufu wa damu unatibiwa, mwasho unatibiwa, kichefuchefu kinatibiwa, na mtu anarudi kumwona mgonjwa. Mzee ambaye hakuanza mashine anaweza kuishi miezi mingi, wengine mwaka na zaidi, kutegemea figo zimebakiwa na nguvu kiasi gani. Aliyekuwa kwenye mashine akaacha ndiye ambaye muda wake mara nyingi huhesabiwa kwa siku, kama wiki moja hivi au zaidi kidogo. Watu huchanganya hawa wawili, na hofu ya yule wa pili wakamvisha wa kwanza.

Tiba shufaa si ngeni Afrika Mashariki. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaonyesha kwamba morfini ya unga inaweza kuchanganywa na maji, ikatiwa kwenye chupa ya plastiki na kumtuliza mgonjwa kitandani kwake kijijini, kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo waandike morfini wenyewe, jambo ambalo nchi nyingi bado zinalisitasitia. Kwetu, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ndiyo iliyokuwa kitovu cha morfini ya maji kwa miaka mingi, na hospitali za makanisa kama Selian ya Arusha na Teule ya Muheza zilijenga timu za kuwafuata wagonjwa majumbani. Timu hizo zilizaliwa na saratani na Ukimwi. Mgonjwa wa figo alikuja baadaye, na mpaka leo mara nyingi anabaki katikati: kliniki ya figo inamwona ni wa mashine, kliniki ya shufaa inamwona si wa saratani.

Ugumu mwingine ni kwamba huwezi kuchukua mwongozo wa saratani ukamwekea mgonjwa wa figo. Chukua morfini yenyewe. Mwili ukishaitumia, mabaki yake hutolewa na figo. Figo zikigoma, mabaki hujazana. Mgonjwa husinzia kupita kiasi, mikono humrukaruka, na pumzi hupungua. Dozi inayomfaa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi inaweza kumzimisha babu wa figo kabla ya wakati wake. Kwa hiyo huanzwa na kiasi kidogo sana, dozi hutenganishwa kwa saa nyingi zaidi, na anayempa hufundishwa dalili za hatari. Zipo dawa nyingine za jamii hiyo, kama fentanili, ambazo figo haziziwekei kinyongo sana, lakini ni ghali na hazifiki zahanati ya kijiji. Kabla ya zote hizo ipo parasetamoli, ambayo watu huidharau kwa kuwa ni ya siku zote.

Inayotakiwa kuogopwa ndiyo inayopendwa. Diklofenaki, ambayo wengi huiita diklopa, hununuliwa duka la dawa kwa kila kiungo kinachouma, wakati mwingine kwa miaka. Dawa za kundi hilo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ningepewa nafasi ya kubandika tangazo moja tu kwenye kila duka la dawa kutoka Bigwa hadi Matombo, lingekuwa hilo: mwenye presha, mwenye sukari, mwenye figo, uliza kwanza.

Mwasho unastahili aya yake. Hautajwi sana, ila mgonjwa atakwambia ndio unaomwibia usingizi kuliko maumivu. Sumu zilizoshindwa kutoka kwa mkojo huchangia mwasho usio na upele, unaozidi usiku, hadi mtu anajichuna kwa kucha. Nyumbani utasikia maelezo mengi, kutoka mzio wa sabuni hadi mkono wa mtu. Kinachosaidia kinajulikana: maji ya uvuguvugu badala ya moto, mafuta ya nazi yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, kucha zikatwe, nguo iwe ya pamba. Ukishindikana, kuna dawa ya gabapentini kwa dozi ndogo sana baada ya daktari kupima hali ya figo. Pumzi ikibana, mzee akalishwe ameegemea mito, dirisha lifunguliwe, kitanda kihamishwe mbali na moshi wa jiko. Huko Mgeta baridi huwafanya watu wamlaze mgonjwa jirani na moto. Joto anapata, ila na moshi anaumeza.

Na sasa jikoni, ambako vita vingi hupiganwa. Uluguru ni nchi ya ndizi, magimbi, maharage, na majani ya kila namna; kwenye miteremko ya chini kuna nazi na madafu, huku Kiroka na Mkuyuni mananasi. Daktari wa figo akiisikia orodha hiyo anaanza kuhesabu potasiamu, madini ambayo yakizidi kwenye damu huweza kuusimamisha moyo. Ndizi, maharage, parachichi, maji ya dafu, vyote vinayo kwa wingi. Mgonjwa anaandikiwa karatasi ya “usile”, na karatasi hiyo kwa mtu wa Kinole ni kama kuambiwa asile chochote kilichoota nyumbani kwake.

Ufumbuzi mmoja upo ndani ya sufuria. Ndizi mbichi na magimbi yakimenywa, yakakatwa vipande vidogo, yakachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu ya potasiamu huondoka nayo. Mboga za majani vivyo hivyo. Mpishi wa Kiluguru hatalifurahia hilo kwa kuwa utamu nao humwagika, lakini ni afadhali kuliko ugali mtupu. Chumvi ipunguzwe, na magadi ya kulainishia maharage na mlenda yaachwe, kwa kuwa nayo ni sodiamu. Birimbi, kwa wanaopenda achari, si rafiki wa figo hata kidogo. Kama mwili unavimba, maji hupimwa kwa kikombe kimoja kile kile kila siku ili mwuguzaji asibishane na mgonjwa mwenye kiu. Kusukutua mdomo husaidia.

Kisha hufika wakati karatasi ile ichanwe. Siku zikiwa zimebaki chache na mzee anakula vijiko viwili kwa siku, kumnyima ndizi kwa sababu ya potasiamu hakuna anachookoa. Mwuguzi mwenye uzoefu husema wazi: mpeni anachotaka, kidogo kidogo, msimlazimishe. Watoto wa kike ndio huumia zaidi hapa, maana kulisha ndiyo kazi waliyoshika, na mzee asiyekula wanamwona kama amewashinda wao. Waelezwe kwamba hamu ya chakula imezimwa na ugonjwa, wala hafi kwa sababu ya njaa.

Ukweli huu wote unasemwa na nani, na mbele ya nani? Mwaka 1955 Waluguru waligoma kuchimba matuta ya ngazi ambayo serikali ya Waingereza iliamuru kwa jina la kuhifadhi udongo. Huko Matombo ghasia zilizuka, mtu akauawa kwa risasi ya polisi, na mpango ule ukafa. Wataalamu walikuwa na hoja kuhusu mmomonyoko. Hawakuwa na kikao. Nalitaja hili kwa sababu daktari anayemwita mtoto mmoja wa kiume pembeni ya korido na kumwambia “mzee wenu hana muda” anafanya kosa la jamaa wale wa matuta. Mtoto huyo atapanda mlima na habari asiyoweza kuibeba, atasema nusu, na wajomba watauliza ni nani aliyeamua.

Kikao kizuri kina mzee mwenyewe, kama bado anajimudu, maana mara nyingi yeye ndiye anayejua zaidi na kuulizwa kidogo. Kina mjomba au mkubwa wa ukoo wake, mke, watoto, na yule binti au mkwe ambaye ndiye hasa atakayemgeuza kitandani saa 8 usiku. Mtu wa afya hukaa, hasimami. Huanza kwa kuuliza wanajua nini. Mzee anaweza kusema maneno kama haya: “Mjukuu wangu, mimi nimeshalala hospitali za kutosha. Sitaki kufia njiani.” Hapo hapana tena cha kubishana, kinachobaki kupangwa ni dawa zitapatikana wapi, nani atapigiwa simu, na paroko au shehe ajulishwe lini. Wenye jumuiya ndogondogo za Kikristo tayari wana utaratibu wa kutembelea wagonjwa, na misikiti ina wazee wake. Mtu wa afya anayewapuuza hawa anajipunguzia mikono.

Lakini sharti moja halina mjadala kwangu. Kumpeleka mzee nyumbani ni tiba pale tu ambapo kuna mtu atakayerudi kumwona. Asiporudi mtu, ni kumtelekeza, hata kama karatasi ya ruhusa imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Na hatari hii ni ya kweli: mfumo usio na fedha unaweza kulipenda neno “shufaa” kwa sababu ni rahisi kulipia. Mzee aliyekataa mashine kwa sababu hana nauli hajachagua kitu. Kitambulisho cha mzee, chini ya Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, kinampa asiyejiweza msamaha wa matibabu, lakini bodaboda hapokei kitambulisho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kipimo chake kwa watu wa mlimani kitakuwa kama inamlipia mwuguzi kupanda, si mgonjwa kushuka peke yake.

Vipande vya kufanyia kazi vipo. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, watu wanaoishi kwenye mitaa na vitongoji vile vile wanavyovihudumia. Mhudumu huyo hataandika morfini, wala asijaribu. Anaweza kupima presha, kubonyeza mguu kuona uvimbe, kuuliza usingizi na mwasho, kuona kama dozi imeanza kumlewesha babu, na kupanda hadi kwenye kilima chenye mtandao kumpigia mwuguzi wa hospitali. Kinachokosekana ni yule wa upande wa pili wa simu: mwuguzi aliyefunzwa, mwenye mamlaka ya kubadili dozi, na kabati lenye dawa. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kwa hiyo chupa ikikosekana Mvuha, tatizo halikuanzia Mvuha.

Siku za mwisho za figo, dalili zikidhibitiwa, mara nyingi huwa za usingizi unaozidi kuwa mzito. Mzee anaweza kuzungumza na watu ambao hawapo, akamwita mama yake. Ndugu waambiwe mapema kwamba hali hii hutokea, ili asitokee mtu wa kumkimbiza hospitali saa 9 usiku kwa machela aliyokwisha kuikataa. Namba ya mwuguzi iwe imeandikwa ukutani kwa mkaa kama hapana pengine pa kuiandika.

Baada ya mazishi mwuguzi ana safari nyingine, ambayo huwa inasahaulika. Kwanza achukue chupa ya morfini iliyobaki. Haitakiwi kukaa kwenye nyumba yenye watoto. Pili, ahesabu siku na kupanda tena siku ya arobaini, akiwa na mashine ya presha, kipimo cha sukari na vijiti vya mkojo. Siku hiyo ukoo wote umekusanyika: watoto wa babu, wadogo zake, wapwa waliokuja na basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam. Presha na sukari, ambazo ndizo chanzo kikubwa cha figo kufa, hutembea kwenye damu za ndugu. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima wa mjini na asilimia 2 ya wa vijijini, kwa hiyo aanze na hao wa basi. Awapange foleni kabla pilau haijapakuliwa, wakubwa kwanza.